Koti la Sita

Desmond Quarmby alikuwa anaelekea kunyongwa kwa sababu ya koti.

Koti lenyewe lilikuwa la bluu nzito, lenye mistari myeupe ya kusimama, na ubavuni mwa kila mstari mweupe ulipita uzi mmoja mwekundu, mwembamba kama unywele. Ambrose Haigh, msimamizi mstaafu wa kiwanda cha vitambaa cha Hinchwell, aliopolewa mferejini chini ya lango la maji, kisogo kimepasuka. Alikuwa na shati, tai na suruali ya mistari hiyo hiyo. Koti halikuwepo. Jumapili iliyofuata Quarmby, mpakuzi wa makaa, alikamatwa stesheni akiwa amelivaa juu ya suruali ya kijivu. Alipoulizwa ni la nani, alisema ni lake. Alipoulizwa kalipata wapi, alifunga mdomo na juma zima hakuufungua.

Inspekta Lumb hakutaka zaidi ya hapo. Jumamosi asubuhi alimwambia Sajini Wilfred Tordoff kwamba Jumatatu wanampeleka Quarmby kwa hakimu, na akitoka hapo ni Leeds, kwa jaji anayevaa kofia nyeusi akihukumu mtu kunyongwa.

"Daktari anasema kisogo kingeweza kupasuliwa na lango," Tordoff alisema.

"Lango halivui mtu koti, Wilf."

"Naomba niyaone tena yale mavazi, afande."

"Yaone. Yapige busu ukitaka. Ila saa kumi faili iwe mezani kwangu, leo timu ya Town inacheza nyumbani na mimi nimeshanunua tiketi."

Kesi ilisimama juu ya hesabu ya makoti sita. Bonde letu limefuma mistari ya watu wengine tangu enzi za mababu. Mistari ya suti za watu wa benki wa London ilitoka kwetu, na ya makoti ya wanafunzi wapiga makasia, na ile ya aproni za wauza nyama. Tulifuma, wakavaa wao. Sisi tulivaa nguo za rangi moja, kwa kuwa kitambaa cha mistari kinakula yadi nyingi: fundi lazima akutanishe mstari na mstari begani, mfukoni na mgongoni, na vinavyobaki ni vipande visivyofaa hata leso. Mtu aliyeonekana na mistari Hinchwell alikuwa amefika.

Mwaka wa jubilii ya mfalme wa zamani, mzee Hinchwell, mwenye kiwanda, aliwafumia wasimamizi wake sita mstari wao peke yao, ule wenye uzi mwekundu, na mtambo ukavunjwa baada ya hapo ili mtu mwingine asiupate. Aliwashonea suti. Wafumaji waliwaita Benki ya Uingereza. Wakipita uani, mtu lazima angepiga kelele aulize kama wanakopesha.

Kwa hiyo makoti yalikuwa sita duniani, na polisi walikuwa wameyatafuta yote. Moja lilikwenda Kanada na mtoto wa mwenyewe. La pili lilikatwa vipande likawa mkeka wa matambara mbele ya jiko la mtu, na Tordoff alikuwa ameukanyaga kwa buti zake. La tatu lilikuwa kabatini, limeliwa na nondo, na mwenyewe yu hai. Mawili yalizikwa na wenyewe, Beaumont na Joe Crowther, kwa sababu kwetu msimamizi akifa huenda kaburini na mistari yake. La sita lilikuwa la Ambrose Haigh. Basi koti la stesheni lingekuwa la nani mwingine?

Na dada wa marehemu, Bi Edith, aliyeishi naye maisha yake yote, alikuja kituoni, akasimama mlangoni, akaliangalia koti juu ya meza na kusema, "Ni la Ambrose." Kisha akaomba arudishwe nyumbani.

Stoo ya vielelezo ilikuwa chumba kisicho na jiko la kuota moto, chenye dirisha moja lenye chuma. Tordoff alilaza suruali ya marehemu mezani, akalaza koti juu yake, kiuno kwa kiuno, kama vile mtu amelala humo. Mistari ilifanana. Upana ulikuwa mmoja, na nafasi baina yake pia. Alivuta taa karibu, akainama hadi pua ikakaribia kitambaa.

Kwenye suruali, uzi mwekundu ulipita upande wa kulia wa mstari mweupe. Kwenye koti ulipita kushoto.

Alinyanyua koti akalivaa. Lilimbana mabegani. Akapeleka mkono kifuani kama mtu anayetaka kuchomoa leso, na mkono ukagonga kitambaa kitupu. Mfuko wa kifuani haukuwa kushoto, mahali ambapo kila koti la mwanamume nchini huwa nao. Ulikuwa kulia.

Alilivua, akalipeleka dirishani na kupapasa ukingo wa mbele wa kulia. Macho hayakuona kitu. Kidole kiliona: uvimbe mdogo, chini yake mwingine, kisha wa tatu. Yalikuwa matundu ya vifungo, yamezibwa uzi kwa uzi, mstari ukapita juu yake bila kukatika.

Tordoff alijua anachokishika. Marehemu mama yake alikuwa akigeuza makoti jikoni kwao miaka ya shida. Koti likichakaa na kung'aa viwiko, unalifumua lote, unageuza kila kipande cha ndani kiwe nje, unalishona upya. Nje panakuwa papya. Ila kushoto kunakuwa kulia, na mfuko wa kifuani unahama upande, hauna dawa. Mtoto aliyekwenda shule na koti lililogeuzwa alijulikana tangu getini. Tordoff alikuwa ameiacha shule mapema, na koti lilikuwa moja ya sababu.

Koti la Ambrose Haigh halikuwa limegeuzwa. Katika picha ya jubilii, iliyotundikwa ukutani kituoni tangu kesi ianze, amesimama wa pili kutoka mwisho na leso kushoto. Na mtu aliyeua Jumanne, siku Haigh alipokufa, hawezi kufumua koti zima la mistari, kuzigeuza pande zote, kukutanisha kila mstari upya na kulivaa Jumapili. Hiyo ni kazi ya majuma, ya mtu mwenye mkono.

Alimkuta Quarmby chini selo, amekaa na mikono katikati ya magoti, bakuli la chai limeganda utando. Alikuwa mtu mkubwa kutoka Grimsby, na makaa yalikuwa yamemwingia kwenye mikunjo ya shingo kiasi kwamba maji hayakuyatoa. Grimsby alikuwa na mke aliyemkimbia akakataa kumpa talaka. Hinchwell hakuwa na mtu. Mwenye nyumba aliyempangisha alikuwa ameshampangisha mwingine chumba chake.

Tordoff alimwambia koti limegeuzwa. Tordoff akamwambia kwamba aliyeligeuza anajua kuziba kitambaa tundu lisionekane, na hiyo ni kazi ya wanawake wa chumba cha marekebisho kiwandani, wale wanaokaa dirishani na sindano kurudisha nyuzi zilizokatika. Quarmby aliinua uso kidogo, akaurudisha chini.

"Wakikunyonga hatokushukuru huyo," Tordoff alisema.

"Nani?"

"Aliyekushonea."

"Nimelinunua sokoni Dewsbury."

"Jumapili ulikataa kusema ulikolipata."

"Basi andika unalotaka. Nyie si ndio mnaojua kuandika?" Kisha, Tordoff alipokwisha kugonga mlango afunguliwe, akasema kwa sauti ya chini, "Sajini. Usiende kusumbua watu."

Hapo Tordoff akajua kwamba yuko mtu.

Koti kama si la Haigh ni mojawapo ya yale mawili yaliyosemwa yamezikwa, na wajane wake walikuwa wawili. Mjane wa Beaumont alikwisha kufa. Wa Crowther alikuwa Hilda, na Hilda alifanya kazi chumba cha marekebisho tangu akiwa binti.

Tordoff alipofika juu ya kilima, mahali barabara inapogawanyika kwenye sanduku la posta, aliona nyumba zote mbili. Kulia, karibu na kanisa la Methodisti, palikuwa kwa Bi Edith Haigh. Kushoto, katika safu ya nyumba za kiwanda, palikuwa kwa Hilda Crowther. Mvua ilikuwa imeanza. Alishika kushoto.

Hilda Crowther alimfungulia na sindano imechomekwa kifuani kwenye aproni. Jikoni palikuwa pasafi mno. Mezani palikuwa na kikombe kimoja, sahani moja, na kipande cha mkate kilichopakwa mafuta ya nyama kilichoumwa mara moja kikaachwa. Alimkaribisha kiti. Tordoff alikaa, akamwambia alichokiona kwenye koti, polepole, bila kumuuliza lolote. Mama huyo alisikiliza akiwa amesimama, mkono juu ya mgongo wa kiti cha pili, kile ambacho hakikuwa na mto.

"Watu walikuja kumuaga Joe hapa sebuleni," Tordoff alisema. "Wote wanasema alikwenda na mistari yake."

"Waliona tai na shati. Shuka niliipandisha mpaka hapa." Aligusa kifua. "Suruali nilimvika. Koti sikuweza."

"Kwa nini?"

"Kitambaa kile kilipotoka mashineni kilikuja kwangu. Kila uzi mwekundu uliokatika nimeurudisha mimi kwa mkono. Halafu nikakifukie?" Alitazama dirisha. "Joe asingelijali. Joe alikuwa hajali kitu."

Mengine aliyaeleza kidogo kidogo, na Tordoff hakumharakisha. Quarmby alimletea makaa msimu wa baridi uliopita, koti lake limefungwa kwa kamba. Alimpa chai. Baadaye akampa chakula. Hakuwahi kulala pale, alisema, na Tordoff alimwamini, ingawa alijua hakuna mtu mtaani atakayeamini. Aliligeuza koti ili viwiko vilivyong'aa viingie ndani, na ili mtu asije akasema lile ni koti la Joe. Jumapili walikuwa wakipanda treni kwenda Harrogate, yeye behewa la mbele, Quarmby la nyuma, mpaka watoke bondeni. Kule walitembea bustanini wameshikana mikono kama mtu na mkewe, maana Harrogate hakuna anayewajua.

"Siku ile ulikuwepo stesheni," Tordoff alisema.

"Nilikuwa kwenye benchi. Aliniona, akageuza uso upande mwingine, akawapa mikono wamfunge. Treni ilipokuja nilipanda. Nilikwenda Harrogate nikakaa bustanini mpaka ya kurudi. Sikujua nifanye nini kingine."

Tordoff alimweleza mambo yalivyo, bila kuyapunguza. Maelezo yake yatamtoa Quarmby kitanzini. Lakini yatasomwa kwa sauti mbele ya mchunguzi wa vifo, na meneja wa Hinchwell atakuwa amekaa pale. Nyumba ni ya kiwanda, kwa mjane wa msimamizi mwenye mwenendo mzuri. Pensheni ya ujane hukatwa mwanamke akionekana anaishi na mwanamume, na ofisi ya pensheni haiulizi amelala wapi. Na kanisani watajua shuka ilificha nini.

"Kwa hiyo nikisema ukweli natoka hapa."

"Ndiyo, mama."

"Na nikinyamaza?"

"Jumatatu anakwenda kwa hakimu."

Hilda Crowther aliichomoa sindano kwenye aproni, akaichomeka kwenye mto wake wa sindano, akavuta kiti kisicho na mto na kukaa. "Andika," alisema. "Na uandike vizuri. Mwandiko wenu polisi ni aibu."

Tordoff aliandika, akamsomea, Hilda akasaini. Saa kumi kasoro maelezo yalikuwa mezani kwa Lumb, ambaye aliyasoma akiwa amevaa skafu ya mpira, akatukana, akapiga mhuri, akayatia kwenye faili na kuwahi mechi.

Tordoff alibaki peke yake ofisini. Alikunywa chai iliyopoa. Kitu kilikuwa kinamkera, na ilimchukua muda kukishika. Bi Edith alisimama mlangoni akasema ni la Ambrose. Hakuligusa. Huyu ni mwanamke aliyelipiga brashi koti la kaka yake kila Jumapili tangu jubilii, aliyeiweka leso ndani ya mfuko wa kushoto kwa mkono wake mwenyewe. Angepaswa kuuona mfuko ulioko upande usio wake kabla hajaona chochote kingine. Aliuona. Basi alidanganya. Na mtu hawezi kuwa na uhakika wa kusema koti la mwingine ni la nduguye, mbele ya polisi, mpaka awe anajua kwamba la nduguye halitatokea.

Akavaa kofia, akarudi juu kilimani, na safari hii kwenye sanduku la posta alishika kulia.

Bi Edith Haigh alikuwa mdogo wa mwili, nywele zimebanwa kwa nguvu. Viti viwili vilikuwa vimeukabili moto, na saa ya ukutani ilisikika mpaka barabarani. Tordoff aliomba ruhusa ya kuona kabati la kaka yake.

"Mmeshaliona."

"Basi la kwako, Bi Edith."

Alimwangalia muda mrefu. Hakulia wala hakubisha. Alipanda ngazi, akashuka na kifurushi kilichofungwa kwa foronya, akakiweka juu ya meza na kurudi kwenye kiti chake. Ndani palikuwa na koti la bluu, mistari myeupe, uzi mwekundu kulia, mfuko kushoto na leso bado imo. Lilikuwa limekunjwa bitana nje, mabega ndani ya mabega, namna mwanamume wa heshima anavyokunja koti anapotaka kulikuta safi.

"Ulilikuta wapi?"

"Juu ya ukuta wa lango la maji. Limekunjwa hivyo hivyo. Na kofia juu yake." Alinyoosha sketi magotini. "Nilikuwa nimekwenda kumwita aje kula."

Ambrose alistaafishwa kiangazi, alisema. Tangu hapo kila kengele ya kiwanda ilipolia alisimama, akafunga vifungo vya koti, halafu akakumbuka, akakaa. Alisimama na kukaa hivyo mchana kutwa. Hakuna mtu wa kiwandani aliyekuja kumjulia hali. Wasimamizi hawatembelewi, kwani wafumaji waliwaogopa na mabwana hawakuwafahamu. Jioni ile alitoka bila kusema anakwenda wapi.

Mtu hakunji koti lake vizuri hivyo mbele ya mtu anayemuua. Tordoff hakuhitaji kulisema, na Bi Edith hakuhitaji kuambiwa. Kujiua ni kosa la jinai nchini kwetu, na familia hulibeba kama ndui. Kisogo kilipokutwa kimepasuka na polisi wakaanza kusema mauaji, alinyamaza. Walipomwonyesha koti la mtu mwingine, alisema ndiyo.

"Angenyongwa mtu, Bi Edith."

"Hakuwa na mtu," alisema. "Niliuliza. Waliniambia hana mke hapa, hana mtoto, hana jamaa. Nikafikiri hatakuwepo wa kumlilia."

"Na wewe una nani?"

Saa iligonga. Tordoff alilichukua koti, likiwa bado limekunjwa.

Aliteremka kilima na kifurushi kwapani. Kwenye sanduku la posta alisimama na kutazama taa ya jikoni kwa Hilda Crowther. Koti hili peke yake lingetosha. Lingewekwa mezani kwa Lumb na kesi ya mauaji ingekwisha, na hakuna mtu angeuliza la Quarmby limetoka wapi. Isingeandikwa hata neno moja kuhusu Harrogate. Lakini maelezo yalikuwa na mhuri na namba, na faili la kifo halitolewi karatasi. Siku ya pili Tordoff alimwomba Lumb ayaondoe. Lumb alimuuliza kama amechoka kazi.

Maelezo ya Hilda na ya Bi Edith yalisomwa siku moja mbele ya mchunguzi wa vifo, kwa sauti, na meneja wa Hinchwell alikuwa mstari wa mbele.

Gharama yake ilikuwa hivi. Hilda Crowther alitolewa kwenye nyumba ya kiwanda na kwenye chumba cha marekebisho ndani ya juma moja, pensheni ikafuata, akaenda kwa dada yake Morecambe, katika nyumba ambayo wanaume hawapokelewi. Desmond Quarmby aliachiwa huru, akakuta kazi ya makaa ina mtu na chumba kina mtu, akapanda treni kwenda Hull kutafuta meli. Alipopita stesheni hakuwa na koti. Bi Edith Haigh alitozwa faini kwa ushahidi wa uongo, na kanisani benchi lake likabaki na mtu mmoja, wale wa pembeni wakasogea mbali naye. Ambrose alizikwa na mistari yake, asubuhi ya siku ya kazi, na waliokuwepo ni mchungaji, dada, wachimbaji wawili na Sajini Tordoff.

Koti la stesheni, lile lililohesabiwa kuwa la sita, halikuchukuliwa na mtu. Linaning'inia stoo hadi leo, na mfuko wake kulia.